FEDHA ZA UMMA ZIRUDI ZILIKOTOKA

Kila isikikapo habari kwamba mtumishi fulani wa halmashauri ametiwa hatiani kwa kula fedha za umma, watu wa Mpanda, kama walivyo watu wa miji mingine ya nchi hii, huifurahia kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo huanza kuulizana sokoni na vijiweni swali moja ambalo ni nadra kupata mtu wa kulijibu: na zile fedha, je, zimerudi?

Swali hilo ndilo tulilokusudia kulizungumza leo. Twalizungumza kwa ajili ya Mkoa wa Katavi hasa, kwa sababu mkoa huu ni mchanga. Ulianzishwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na halmashauri zake tano, yaani Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, bado zajenga kwa mara ya kwanza vitu ambavyo mikoa mingine ilivijenga zamani. Mkoa mkongwe ukipoteza shilingi milioni mia, hubakiwa walau na zahanati yake ya zamani. Mkoa mchanga ukipoteza kiasi hicho, hubakiwa na msingi uliomea nyasi.

Kwanza na tukumbushane ni fedha ya nani inayosemwa. Wapo watumishi, tena wenye elimu nzuri, ambao wakisikia maneno "fedha za Serikali" hudhani ni kitu kinachonyesha kutoka Dodoma kama mvua. La, hasha. Mpunga wa Mpimbwe ukiuzwa hutozwa ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 2 ya thamani kwa mazao ya chakula na asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Tumbaku ya Nsimbo nayo hutozwa. Mama auzaye samaki waliotoka Karema hulipia meza yake sokoni. Wale ndugu wa Katumba na Mishamo, waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, nao walima na walipa kama wengine. Shilingi hizo zikikusanyika ndizo ziitwazo mapato ya ndani ya halmashauri. Kila moja yao ina jasho la mtu nyuma yake, na mtu huyo aweza kuonyeshwa kwa kidole.

Njia ambazo shilingi hizo hupotelea zajulikana, wala si nyingi. Ipo ya mkusanyaji wa ushuru anayezima mashine yake ya kielektroniki, au anayekusanya na asipeleke benki, akala kile kinachoitwa na watumishi wenyewe "fedha mbichi". Ipo ya mkandarasi kulipwa kwa kazi asiyoifanya, na mhandisi kutia saini kwamba imefanyika. Ipo ya safari zisizosafiriwa na semina zisizokaa. Na ipo njia mpya zaidi, ya mikopo ya vikundi, ambayo tutaieleza mbele kwa kirefu, maana ndiyo inayowagusa makabwela moja kwa moja.

Sasa, je, Serikali imekosa sheria? Haikukosa. Katiba katika Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 yamtaka, akiona dalili za wizi au rushwa, avijulishe vyombo vya uchunguzi na Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 yaruhusu mtumishi aliyesababisha hasara alipishwe kutoka mfukoni mwake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yataja kwa jina kosa la ubadhirifu na ufujaji. Sheria ya Uhujumu Uchumi ipo tangu mwaka 1984. Sheria ya Mali Zitokanazo na Uhalifu ipo tangu mwaka 1991, nayo yawezesha mahakama kuzuia mali ya mshitakiwa isiuzwe na, akitiwa hatiani, kuitaifisha. Mwaka 2018 ikaundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kuisimamia Serikali katika mashauri ya madai. Na hakimu yeyote wa jinai anao uwezo wa kuamuru kwamba mkosaji, pamoja na adhabu yake, amlipe fidia aliyepata hasara.

Zana hizo zatosha kulimia shamba kubwa. Basi kwa nini shamba halilimwi?

Sababu ya kwanza ni muda. Tuchukue mfano wa shilingi iliyoliwa mwezi Julai, mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Mwaka huo wa fedha hufungwa Juni inayofuata. Mkaguzi Mkuu humkabidhi Rais ripoti yake ifikapo mwisho wa Machi, na ripoti huingia Bungeni mwezi Aprili. Baadaye Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa humwita mkurugenzi ajieleze. Kwa hesabu hiyo, karibu miaka miwili hupita tangu shilingi iliwe hadi mtu mzima mwenye mamlaka alipoulizwa hadharani. Katika miaka hiyo miwili mkurugenzi amekwisha kuhamishwa, mweka hazina amehamishwa, na anayejieleza mbele ya Kamati ni mtu mwingine asemaye, kwa haki kabisa, kwamba hakuwapo. Yule aliyekula naye amekwisha kujenga nyumba, akaiandika kwa jina la shemeji. Mkaguzi hana kosa hapo, yeye hufuata kalenda aliyowekewa. Kosa ni la wale wanaoingojea ripoti ya Mkaguzi kana kwamba bila hiyo hawana macho. Kila halmashauri inaye mkaguzi wake wa ndani, ambaye hutoa taarifa kila robo mwaka. Mkaguzi wa ndani ndiye mtu wa kwanza kuiona tundu. Lakini mara nyingi mkaguzi huyo hupewa chumba kidogo kuliko vyote, hana gari, na posho yake ya kwenda kijijini kukagua hutegemea saini ya mkuu yule yule anayepaswa kukaguliwa.

Sababu ya pili ni mwendo. Mtu aliyeko Dar es Salaam hawezi kuelewa maana ya neno hili mpaka amefika Mpanda. Kwa miaka mingi mashauri ya Mahakama Kuu kutoka Katavi yamekuwa chini ya masijala ya Sumbawanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mashauri ya uhujumu uchumi hayasikilizwi na mahakama ya chini mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka ametoa kibali. Mwanakijiji wa Mishamo aliyeona kwa macho yake kwamba kisima hakikuchimbwa hutakiwa kuacha shamba lake msimu wa kupanda, apande gari, alale mjini, aambiwe shauri limeahirishwa, arudi, na aitwe tena. Mara ya tatu haji. Shauri hufutwa kwa kukosa shahidi, na mshitakiwa hutoka mahakamani akipungia watu mkono. Hatusemi kwamba kila aliyeachiwa huru alikuwa mwizi. Asiyethibitishiwa kosa si mwizi, na gazeti halina haki ya kumwita hivyo. Twasema tu kwamba shauri lisiloisha halimsaidii mwenye haki yeyote, awe ni mwananchi aliyeibiwa au mtumishi aliyesingiziwa.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo imo katika mazoea yetu ya kufikiri. Tumezoea kwamba mwizi wa mali ya umma akishikwa, furaha yetu ni kumwona amefungwa pingu. Twasahau kwamba kesi ya jinai yataka ithibitishwe pasipo shaka yoyote, jambo lililo gumu kwa haki, maana uhuru wa mtu umo hatarini. Kesi ya madai haitaki kiasi hicho. Yataka tu ionekane, kwa mizani ya ushahidi, kwamba huyu alipokea na hakupeleka. Mhasibu aliyeshinda kesi ya jinai kwa sababu karatasi moja ilipotea aweza kushindwa kesi ya madai kwa karatasi zilizobaki. Lakini ni halmashauri ngapi ambazo, baada ya kushindwa jinai, hurudi kumdai mtu huyo kama mdeni? Wengi huona aibu, wengine hawajui, na wengine, na tuseme ukweli, hawataki kumdai mwenzao ambaye kesho aweza kuwa mkuu wao.

Sasa tuje kwenye mikopo.

Mwaka 2018 Bunge liliiweka katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa amri kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulikuwapo kabla ya hapo, lakini kwa hiari, na hiari ya wakurugenzi ilijulikana. Sheria ilikuwa njema. Kikundi cha akina mama wa Inyonga chaweza kununua mizinga ya kisasa ya nyuki. Vijana wa Mpanda waweza kununua mashine ya kukoboa au pikipiki. Fedha ikirejeshwa, humzunguukia mwingine. Ushuru wa mpunga wa mkulima mmoja wageuka mtaji wa mkulima mwingine, bila benki kukata chake katikati.

Kilichofuata wengi wakijua. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zilionyesha, mwaka hata mwaka, kwamba mabilioni ya shilingi yaliyokopeshwa nchini hayakurejeshwa, na kwamba vipo vikundi vilivyolipwa ambavyo havikuwapo duniani: majina yaliyoandikwa mezani, akaunti iliyofunguliwa asubuhi na kukaushwa jioni. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikipewa jaribio la kukopesha kwa kupitia mabenki, miongoni mwao Nkasi, jirani zetu wa Rukwa, na zilizobaki zikiendelea wenyewe kwa masharti yaliyokazwa.

Kwa muda wote ule wa kusimama, ni nani aliyeumia? Hakuumia mwandishi wa majina hewa. Aliyeumia ni yule mama ambaye kikundi chake kilikuwa cha kweli, kilichokwisha kurejesha mkopo wa kwanza na kilikuwa kikingojea wa pili.

Sasa halmashauri nyingi zimeamka, nazo zasema zitawapeleka wadaiwa mahakamani. Ni vema. Mkopo ni mkataba, na mkataba una mahakama. Wala hatuungi mkono ule uvumi wenye madhara, unaoenezwa wakati wa uchaguzi na watu wanaotaka kura za bure, kwamba fedha ile ilikuwa zawadi. Haikuwa zawadi hata siku moja. Anayemwambia mwananchi asirejeshe amemwambia amwibie jirani yake anayengojea zamu.

Lakini hapa twaomba tusikilizwe vizuri na wanasheria wa halmashauri. Wadaiwa si wa namna moja. Yupo aliyelima mpunga kwa mkopo ule na jua likaukausha. Yupo aliyefuga kuku wakafa kwa kideri katika juma moja. Huyo mali yake yaonekana jinsi ilivyokufa, majirani wajua, afisa maendeleo ya jamii wa kata ajua. Dawa yake ni kukaa naye, kuandikiana upya, kumpa msimu mwingine mmoja au miwili. Kumburuta mahakamani mama wa namna hiyo, akauziwa cherehani na magodoro, ni kuipatia halmashauri shilingi elfu themanini na kuipotezea imani ya kata nzima. Yupo mwingine ambaye alikuwa na uwezo, akagawana fedha na wenzake siku ile ile, akanunua simu na mavazi. Huyo adaiwe, tena upesi. Na yupo wa tatu, ambaye mara nyingi hayumo katika orodha ya wadaiwa kabisa, kwa sababu orodha ameiandika yeye. Huyo ni mtumishi aliyekibuni kikundi hewa, pamoja na aliyetia saini, pamoja na aliyeidhinisha. Kikundi kisichokuwapo hakiwezi kushitakiwa, kwa kuwa hakina miguu ya kuja mahakamani. Basi wa kushitakiwa ni mkono uliokiandika.

Tusipoangalia, jitihada hizi nzuri za kisheria zitamkuta wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliye karibu na ndiye asiye na wakili, zitamkosakosa wa pili, na wa tatu zitamwachia hata karani wa kuwaita wenzake mahakamani awe ni yeye. Halmashauri inapotangaza kwamba imefungua mashauri kadhaa dhidi ya wadaiwa wa mikopo, wananchi waulize neno moja tu: kati ya mashauri hayo, mangapi ni dhidi ya watumishi?

Liko jambo jingine ambalo limetukera kwa muda mrefu, nalo ni hili la fedha zikisharejeshwa huenda wapi.

Taifa hili limewahi kurejesha fedha nyingi. Mwaka 2008, baada ya kubainika kwamba shilingi bilioni 133 zilikuwa zimechotwa katika akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, ile iliyojulikana kwa jina la EPA, Rais Kikwete aliwapa wachotaji muda wa kurudisha, na makumi ya mabilioni yakarudi. Wengine ambao hawakurudisha walifikishwa mahakama ya Kisutu Novemba mwaka ule. Watu walinung'unika, nasi twakumbuka manung'uniko yale, kwamba mwizi wa kuku hufungwa hata akimrudisha kuku. Lakini jambo moja lilifanyika vizuri: Rais alisema mbele ya Bunge kwamba fedha zilizorudi zielekezwe kwenye kilimo. Mwananchi aliweza kuuliza iko wapi mbolea.

Miaka minne baadaye ikaja ile ya rada. Serikali ilikuwa imeuziwa rada na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa bei iliyozua maswali mengi, na shauri lililofikishwa mahakamani kule London mwaka 2010 likaishia kwa kampuni hiyo kukiri kosa la kutotunza hesabu zake ipasavyo na kuwalipa Watanzania paundi milioni 29.5. Fedha hiyo ilipofika mwaka 2012 haikuzama. Iliwekewa kazi yake tangu mwanzo: vitabu vya shule za msingi na madawati. Mtoto aliyekaa juu ya dawati lile alikalia fedha iliyorudi, hata kama hakujua.

Tofauti na hayo ni yaliyotokea mwaka 2019. Septemba mwaka ule Rais Magufuli aliwapa washitakiwa wa uhujumu uchumi siku saba, kisha akaongeza saba nyingine, wakiri na warudishe. Mkurugenzi wa Mashtaka alimpelekea taarifa kwamba washitakiwa 467 walikuwa tayari kurudisha shilingi bilioni 107.8. Mwaka ule ule Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikwisha kurekebishwa ili makubaliano ya namna hiyo yawe na msingi wa kisheria. Hesabu ilikuwa kubwa na ilishangiliwa. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa akiizindua tume ya kuchunguza vyombo vya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, alihoji yeye mwenyewe hadharani zilipo baadhi ya fedha zilizotokana na makubaliano yale. Tena palikuwa na malalamiko kwamba wapo waliokiri kwa kuchoka mahabusu, kwa kuwa kosa walilounganishiwa halikuwa na dhamana, wala si kwa kuwa walikula. Fedha inayotolewa na mtu kwa kuchoka jela si fedha iliyorejeshwa kwa sheria. Na fedha iliyorejeshwa isiyojulikana ilipo imeibwa mara ya pili.

Turudi Mpanda. Kwa Ibara ya 135 ya Katiba, fedha zinazopokelewa na Serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa zile zilizotajwa na sheria kwenda kwingine. Jambo hilo lina maana yake, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini lafikirie kwa macho ya mwananchi wa kata iliyopotezewa zahanati. Fedha imeliwa hapa. Mashahidi wametoka hapa, kwa nauli yao. Mtu amefungwa, nyumba yake imetaifishwa, na thamani yake imekwenda Dodoma kuchanganyika na bahari. Msingi wa zahanati umebaki vile vile na nyasi zake. Mwaka ujao mwananchi huyo akiombwa kutoa ushahidi katika shauri jingine, utamwambia nini?

Reli ifikayo Mpanda kutoka Kaliua ilijengwa na mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kuyabeba madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ule haukudumu baada ya hapo hata miaka kumi na tano. Wazee wa mji huu wanajua jinsi mali inavyoondoka kwa behewa lililojaa na behewa likarudi tupu. Hatupendi mali inayookolewa kwa sheria zetu wenyewe isafiri kwa mtindo ule ule.

Wala jambo hili halihitaji sheria mpya, wala kikao cha wataalamu katika hoteli. Lahitaji mwendesha mashtaka, anapoiandaa kesi ya fedha za halmashauri, aiombe mahakama tangu mwanzo, pamoja na adhabu, amri ya fidia inayomtaja aliyepata hasara kwa jina lake: Halmashauri fulani, akaunti fulani, mradi fulani. Hakimu hawezi kutoa asichoombwa. Mara nyingi haombwi. Hati ya mashtaka huandikwa kwa bidii yote juu ya kifungo, na habari ya fidia huachwa kama jambo la kukumbukwa mwishoni, mshitakiwa akiwa amekwisha kuuza ng'ombe wake. Na amri ya kuzuia mali iombwe siku zile za kwanza za upelelezi, kabla shemeji hajaandikiwa nyumba. Kijana wa TAKUKURU anayeanza kazi kwa kumhoji mweka hazina huku akiwa hajapitia ofisi ya ardhi wala idara ya leseni za magari, amempa mtu taarifa kwamba akimbize mali.

Halafu mwanasheria wa halmashauri. Nafasi hii haipewi uzito unaostahili. Mwanasheria mmoja hutakiwa kuangalia mikataba yote ya ujenzi, migogoro yote ya viwanja, na wakati huo huo adai mikopo ya vikundi mia mbili. Apewe wasaidizi, apewe usafiri, na daftari lake la madai lisomwe katika kila kikao cha Kamati ya Fedha. Kesi za mikopo midogo zifunguliwe katika mahakama za mwanzo na za wilaya kule kule wanakoishi wadaiwa, maana kumtoa mdaiwa wa Karema hadi Mpanda mjini kwa deni la laki tatu ni kumlipisha nauli kubwa kuliko deni.

Kwa upande wa wanachama, tuna neno ambalo halitapendwa na wote. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti, ndio wanaosomewa taarifa za mkaguzi wa ndani, na ndio wanaoitwa wawakilishi wa wananchi. Diwani anayejua kwamba kikundi fulani katika kata yake ni hewa na akanyamaza kwa kuwa mwenye kikundi alimsaidia wakati wa kura za maoni, ameshiriki. Katibu wa tawi anayempigia simu mkuu wa kituo aseme "huyu ni mtu wetu" ameshiriki vile vile. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi kwa sababu waliolitunga walijua kwamba kiongozi mwenye tumbo la pembeni hawezi kulinda ghala. Masharti yale yalilegezwa baadaye huko Zanzibar mwaka 1991, na zama zimebadilika, wala hatudai kwamba leo kiongozi asimiliki hata nyumba ya kupangisha. Lakini kadi ya Chama haikupata kuwa ngao ya mdaiwa, wakati ule wala sasa.

Nao wafanyakazi wa halmashauri, walio wengi na waaminifu, wanastahili kulindwa. Karani aliyekataa kuandika jina hewa akahamishiwa kijiji kisicho na barabara ni mtu ambaye kila kesi ya kurejesha fedha humtegemea. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilitungwa mwaka 2015. Itumike kwa karani wa Mlele kama inavyotumika kwa wakubwa wa mjini. Mtu huyo akiona kwamba aliyemhamisha yu bado kitini, na fedha haijarudi, na yeye yuko porini, usimtarajie aseme tena.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka. Twapendekeza kwamba katika kikao kijacho cha kila moja ya halmashauri tano za Katavi, mkurugenzi alete karatasi moja tu, isiyozidi ukurasa, yenye safu nne: fedha iliyothibitika kupotea na mwaka ilipopotea; nani anadaiwa, kikundi au mtumishi; shauri limefika wapi na katika mahakama gani; na kiasi kilichorudi pamoja na mradi kilikoingizwa. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti, kisha ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, kwa maandishi makubwa ambayo mzee asiye na miwani aweza kuyasoma.